Nabii aniambia jina langu ndilo linalofukuza wateja

Mwalimu, salamu nyingi kutoka Kayole.

Mimi ni mama wa miaka 34, mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa na nina watoto wawili. Nina kibanda cha chakula karibu na stage. Asubuhi napika chai na mandazi, mchana chapati madondo na githeri. Watu wote hapa wananijua kama Mama Brian. Jina langu la nyumbani ni Nanjala. Ni la kukhu, mamake baba, ambaye alizaliwa wakati wa njaa. Kwetu msichana wa kuzaliwa wakati kama huo huitwa Nanjala na mvulana Wanjala. Mimi sikuzaliwa wakati wa njaa, nilirithishwa tu.

Tangu mwaka jana biashara imelegea. Kuna kijana amefungua kibanda ng'ambo ya barabara, ana meza za plastiki na runinga ya kuonyesha mpira. Watu wa mjengo waliokuwa wakinijaza kila saa sita walimaliza ghorofa yao wakahama. Waliobaki ni vijana wa boda, na hao wakishamaliza kula huniambia, "Andika, mama." Nimeandika mpaka daftari limeisha.

Rafiki yangu akanipeleka kwa kanisa fulani lenye kesha kila Ijumaa. Nikaanza kutuma fungu la kumi kwa simu kama wengine. Ijumaa ya tatu nabii alinyamaza katikati ya mahubiri, akasema, "Kuna mwanamke hapa anaitwa Nanjala." Mwalimu, mwili wote ulisisimka. Hata rafiki yangu aliyenileta halijui jina hilo. Akaniita mbele, akauliza watu, "Njala ni nini?" Wakaitikia, "Njaa!" Akasema nimebeba njaa kwenye kitambulisho, nitawezaje kulisha watu? Akasoma habari za Yabesi, kwamba mamake alimpa jina la huzuni likamfunga. Kuanzia siku hiyo, akasema, mimi ni Neema, na mbinguni jina la Nanjala limefutwa. Ili lifutwe na duniani, nipande mbegu ya shilingi 15,000 kisha nikabadilishe kitambulisho.

Pesa hizo sina. Mume wangu anasema nikope kwa chama. Ameshaanza kuniita Neema hata mbele ya wateja. Baba aliposikia alinyamaza kwa simu, halafu akasema, "Kumbe kukhu yako unataka kumzika mara ya pili," akakata.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikipiga magoti usiku sijui nijitambulishe vipi. Nikisema, "Baba, ni mimi Neema," ni kama nimepiga na simu ya kuazima. Nikisema, "Ni mimi Nanjala," nakumbuka nimeshafutwa. Juzi nililala bila kuomba. Je, jina lina uzito mbele za Mungu ama ni mila tu? Na nikiomba, anamsikia nani?

Mama Brian, Kayole

MAJIBU

Mwanangu Nanjala,

Nitakuita hivyo mpaka wewe mwenyewe uniambie vingine.

Nilifundisha somo la Dini miaka mingi kabla ya kustaafu, na kama kuna mtu kwenye Biblia ambaye wahubiri wa mjini wamemchosha, ni Yabesi. Chukua Biblia yako ufungue 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 4. Habari zake zote ni mistari miwili, wa 9 na wa 10, zimechomekwa katikati ya orodha ndefu ya ukoo wa Yuda ambayo wengi wetu huiruka. Mstari wa 9 ndio uliosomewa: mamake alimwita Yabesi kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Ila mstari huo huo unaanza kwa kusema alikuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake. Huyo ndiye mtu aliyefungwa na jina?

Sasa soma wa 10. Yabesi anamlilia Mungu, "Lau kwamba ungenibariki kweli kweli," anaomba mipaka yake ipanuliwe, anaomba alindwe na uovu. Kisha: "Naye Mungu akamjalia hayo aliyoyaomba." Basi. Tafuta pale mahali Mungu alipomwambia abadilishe jina kwanza. Hakuna. Aliomba akiitwa Yabesi, akabarikiwa akiitwa Yabesi, na mpaka leo tunamtaja kwa jina lile lile la huzuni. Ukisomewa mstari wa 9 bila wa 10, ni kama mtu amekuonyesha bei ya kitu akaficha kwamba kimeshalipiwa.

Kabla sijaendelea, kuna jambo dogo ambalo wewe mwenyewe umeniandikia bila kuliunganisha. Unasema hakuna aliyejua jina lako pale kanisani. Mistari miwili kabla ya hapo unasema ulikuwa ukituma fungu la kumi kwa simu. Mwanangu, wewe ni mfanyabiashara. Mteja akikulipa kwa M-Pesa, ujumbe ukiingia unaonyesha nini? Sikuwa kwenye moyo wa huyo mhubiri na sitamhukumu. Lakini Mungu hahitaji ujumbe wa M-Pesa ili akujue, na kabla hujatetemeka tena mbele ya watu, jiulize nani mwingine angeweza kuusoma.

Sasa swali lako. Ndiyo, jina lina uzito. Anayekuambia ni mila tu hajasoma Biblia vizuri. Yusufu, mumewe Mariamu, aliambiwa na malaika mtoto aitwe nani, "maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao". Jina la Yesu lenyewe maana yake ni kwamba Bwana huokoa. Jina kule ni kama shahidi, linasema jambo lililotokea au linalongojewa. Lakini shahidi si hirizi. Wana wa Skewa, kwenye Matendo sura ya 19, walilichukua hilo jina la Yesu, kuu kuliko majina yote, wakalitumia kama dawa ya kufukuzia pepo, na wao wenyewe hawana uhusiano wowote na mwenye jina. Pepo akawauliza ninyi ni nani, akawarukia, wakatoka mbio uchi wana majeraha. Kama jina la Yesu lenyewe halifanyi kazi kwa kutamkwa tu, sembuse herufi zilizo kwenye kitambulisho chako?

Au tulipime kwa njaa, kwa kuwa njaa ndiyo uliyoshtakiwa nayo. Kitabu cha Ruthu kinaanza na njaa. Iliingia wapi? Bethlehemu. Na Bethlehemu kwa Kiebrania ni "nyumba ya mkate". Mji una jina zuri kuliko hoteli yoyote ya River Road, na ndani yake watu wanalala njaa mpaka Elimeleki anafunga virago na mkewe Naomi na wavulana wao wawili kwenda kutafuta riziki Moabu. Jina la mkate halikuzuia njaa kuingia. Basi kwa nini jina la njaa lizuie chapati kutoka?

Naomi naye ana la kukuambia, kwa sababu alijaribu hilo hilo unaloambiwa ufanye. Amerudi nyumbani mjane, amezika wanawe wawili, wanawake wa mji wanamtambua kwa mbali, naye anawaambia, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," yaani chungu. Alikuwa anataka jina lifanane na hali yake. Fuatilia kitabu kizima: hakuna hata mtu mmoja aliyemwita Mara. Wala majirani, wala mwandishi. Mwishoni, mtoto amepakatwa kifuani, wanawake wale wale bado wanasema Naomi. Hali ilibadilika na jina likabaki lilipokuwa.

Utaniuliza, na Ibrahimu je? Na Petro? Kweli, Mungu amewahi kubadilisha majina. Amefanya hivyo mwenyewe, kwa watu wachache, aliokuwa na kazi mahsusi nao. Yakobo aliondoka Penieli akichechemea, lakini hakuna aliyemdai mbuzi hata mmoja kwa ajili ya kuitwa Israeli. Na jina la zamani halikufutwa. Miaka mingi baadaye, mzee yuko njiani kwenda Misri, Mungu anamtokea usiku, anamwita, "Yakobo, Yakobo!" Iko Mwanzo 46. Petro vile vile, siku ile kando ya bahari ya Tiberia, Yesu alipotaka kuzungumza naye la moyoni, alimwita Simoni.

Na kuna wale waliobeba majina mabaya kuliko lako wakaenda nayo mbinguni. Epafrodito, ambaye Paulo anamwita ndugu yake na askari mwenzake, jina lake limetokana na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani. Paulo hakumwambia abadilishe. Shadraka, Meshaki na Abednego ni majina ya Babeli waliyobandikwa na towashi wa mfalme. La mwisho linatajwa kuwa na maana ya mtumishi wa Nebo, sanamu ya huko. Majina yao ya Kiebrania yalikuwa Hanania, Mishaeli na Azaria, tena mazuri. Leo nikiingia kanisa lolote Nairobi nitampata Meshack anacheza kinanda na Shadrack anakusanya sadaka, na hakuna nabii anayewasumbua. Wanaosumbuliwa ni kina Nanjala.

Hapo ndipo ninapokasirika kidogo, na unisamehe. Katika nchi hii tulifundishwa kwamba jina la Kikristo ni jina la Kizungu. Fomu za shule zilikuwa zinauliza "jina la Kikristo", watoto wanaandika Kevin, Brian, Sharon. Nampenda mwanao bila kumjua, lakini nitafutie Brian kwenye Biblia. Wangari Maathai alibatizwa Miriam, alipoingia Ukatoliki akawa Mary Josephine, na alipokua akarudi kwa Wangari. Ndilo jina alilopokelea Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Kanisa Katoliki lenyewe, katika sheria zake za mwaka 1983, linataka tu mtoto asipewe jina lisilopatana na hisia za Kikristo. Halisemi lazima awe Josephine. Na Biblia ya kwenu inamwita Mungu Wele, kama ya Wakikuyu inavyomwita Ngai na ya Wajaluo Nyasaye. Mungu aliyekubali kuitwa kwa lugha ya kukhu yako atashindwa vipi kumwita mjukuu wake kwa lugha hiyo hiyo?

Tena hebu tulitazame hilo jina lenyewe. Kukhu yako alizaliwa wakati wa njaa, akaitwa Nanjala. Kwa hiyo alipona. Mtoto angekufa, wewe hungekuwa na wa kumrithi. Kila mara alipoitwa kuteka maji au kuamka shambani, jina lilikuwa linasema: njaa ilikuja, na huyu hapa. Mose alimwita mwanawe Gershomu kwa sababu alikuwa mgeni katika nchi ya ugeni. Yusufu mwana wa Yakobo alimwita mwanawe wa pili Efraimu, akisema Mungu amempa uzazi katika nchi ya mateso yake, na mtoto huyo alizaliwa kabla ya miaka ile saba ya njaa ya Misri. Watu wa Biblia na watu wa Bungoma wamekuwa wakifanya kitu kimoja siku zote: kumkabidhi mtoto kumbukumbu ya mahali Mungu alipowavusha. Na mjukuu wa huyo Nanjala leo anaamka usiku kukanda unga ili watu wa Kayole wale. Sijui nabii alitaka ufunuo gani zaidi ya huo.

Sisemi jina halibadilishwi kamwe. Raheli akikata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu, na baba mtu akakataa, akamwita Benyamini. Nilikuwa na mwanafunzi aliyepewa jina ambalo kwa kweli lilikuwa tusi la baba aliyemkana. Alipofika miaka 18 akalibadilisha, na nilifurahi naye. Ukilipenda Neema kwa hiari yako, libebe, ni jina zuri. Likae pembeni ya Nanjala. Lakini usilibebe kwa hofu, wala usilinunue.

Kama bado unafikiria kitambulisho, ujue safari yenyewe. Utatafuta wakili akuandikie hati ya kubadilisha jina, isajiliwe, itangazwe kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ndipo uende Huduma Centre. Baada ya hapo ni PIN ya KRA, laini ya simu, akaunti ya benki, na kueleza kila mahali kwa nini vyeti vya shule vinasema Nanjala. Hayo yote ni baada ya ile 15,000. Usikope kwa chama. Pesa ya chama ni ya wanawake wenzako, na siku ya kurudisha nabii hatakuwepo kwenye kikao.

Kwa Baba Brian nenda polepole. Hayuko kinyume nawe. Ameona jikoni kunapungua na amepata mtu wa kumwambia kwa nini. Mwanaume aliyeishiwa na majibu hushika la kwanza analopewa. Usimbishie mbele ya wateja. Usiku watoto wakilala, mpe hiyo Biblia, mwambie asome mwenyewe kwa sauti mistari miwili ya Yabesi, wa 9 na wa 10, halafu nyamaza. Baba yako naye mpigie kesho, usingoje. Mwombe akusimulie habari za kukhu, hasa zile za utoto wake alizosimuliwa yeye. Nahisi kuna mengi hujawahi kuambiwa.

Sasa lile uliloniambia kwa siri. Nikiwa darasani nilikuwa na watoto 52, wanne wao wakiitwa Mercy. Nikiita "Mercy!" vichwa vinne vinainuka, na kila mmoja anauliza, "Mercy yupi, mwalimu?" Ndipo niseme Atieno, au Wambui, au Mwende, na vitatu vinarudi kwenye daftari. Wakati wa Yesu, Mariamu lilikuwa hivyo hivyo. Pale msalabani peke yake akina Mariamu hawakupungua watatu. Basi asubuhi ile kaburini mmoja wao, Magdalene, amesimama analia. Yesu anamwuliza, "Mama, unalilia nini?" na yeye anadhani ni mtunza bustani. Amesikia sauti, hajamtambua. Ameona uso, hajamtambua. Kisha Yesu anasema neno moja tu, "Mariamu." Magdalene hakuuliza Mariamu yupi. Aligeuka.

Hakuitwa kwa jina jipya la ufufuo. Aliitwa kwa lile la kawaida, alilopewa na wazazi wake, ambalo wanawake wengi wa wakati huo walikuwa nalo. Jina jipya lipo, Ufunuo sura ya 2 inalitaja, limeandikwa juu ya jiwe jeupe na halijui mtu ila yeye anayelipokea. Kwa hiyo hata hilo halitatangazwa kwa kipaza sauti kwenye kesha.

Leo usiku piga magoti uombe kama ulivyokuwa ukiomba kabla ya hiyo Ijumaa. Sema ni Nanjala. Ukishindwa kuendelea, ishia hapo, inatosha kwa siku ya kwanza.

Asubuhi nunua daftari jipya. Umenitajia kijana wa ng'ambo na runinga yake, na watu wa mjengo waliohama, lakini kilichonishtua mimi ni wale wa boda. Hamisha kila deni, jina kwa jina, jumlisha, na kuanzia Jumatatu anayetaka madondo alipie kwanza nusu ya anachodaiwa. Wengine watanuna wavuke barabara. Huyo kijana wa runinga atawaandikia nao.